Q isiyo na U: maswali ya wacheza Scrabble

SWALI: Salamu, Mhariri. Shuleni kwetu tunacheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuvuta vibao vya herufi mfukoni na kuunda maneno ubaoni. Kila nikivuta Q nikakosa U, inaniganda mkononi mpaka mchezo unaisha. Je, yapo maneno yenye Q bila U? Naomba na maana zake, kwa sababu nikikariri tupu nasahau. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga)

JIBU: Yapo, na mengi unayajua tangu utotoni. Mazoea ya kuandika QU ni ya Kilatini, na yalienea Uingereza kupitia waandishi wa Kinormani baada ya mwaka 1066. Kabla ya hapo Waingereza waliandika cwen, ndiyo queen ya leo. Q iliyo peke yake basi mara nyingi ni alama ya neno la kuazima, hasa kutoka Kiarabu, ambako inashika nafasi ya herufi qaf. Sisi Waswahili qaf hiyo hiyo tumeifanya K.

Basi irudishe. Kadhi ni QADI, talaka ni TALAQ, fakiri ni FAQIR, nikabu ni NIQAB, kibla ni QIBLA, wakfu ni WAQF, fikihi ni FIQH. Angalia irabu ya mwisho: kwenye kadhi na kibla imebaki, kwenye hayo mengine imedondoka, kwa kuwa ni sisi tulioiongeza. Hata soko lina ndugu yake, SUQ, ambamo U inatangulia Q.

Njia hii ina mipaka. Kaburi, karne na wakati pia yana qaf katika asili yake, ila Kiingereza hakikuyaazima, kwa hiyo usiyajaribu. Iraq na Qatar ni majina ya nchi, hayakubaliki. Neno likipingwa likakutwa si halali, unaokota vibao vyako na zamu imekwenda.

Mafupi ndiyo yatakayokuokoa mara kwa mara. QAT ni mirungi, wenyewe Kenya wanaita miraa. Huandikwa pia KAT na KHAT. QAID ni chifu au kamanda wa Afrika Kaskazini. QOPH ni herufi ya Kiebrania. Juu ya yote iko QI, nguvu ya uhai katika fikra za Wachina, na ndilo neno pekee la herufi mbili lenye Q. Mfukoni mna vibao 9 vya I na 4 tu vya U, kwa hiyo anayesubiri U anasubiri kilicho adimu.

Tazama QI inavyolipa. Tafuta I iliyokwisha wekwa ubaoni, ambayo juu yake pana mraba wa kuzidisha herufi mara tatu, na kulia kwa mraba huo pako wazi. Weka Q hapo, kisha I nyingine kulia kwake. Umepata QI ya kulala na QI ya kusimama. Q ni 10, mara tatu ni 30, ongeza I ni 31. Na kwa kuwa inahesabiwa pande zote mbili, unaandika 62 kwa vibao viwili. Kabla ya kunyanyua mkono, hakikisha I yako mpya haikugusa herufi nyingine ikazaa neno lisilokuwepo. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

SWALI: Nikikosa hata I, niishikilie Q au niibadilishe? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hesabu U zilizo ubaoni. Zikishatoka tatu au nne, nawe huna I wala A, ibadilishe. Usichelewe, kwani mfuko ukibaki na vibao chini ya 7 kubadilisha hakuruhusiwi tena. Mwenzako akimaliza nawe bado umeishika, unakatwa 10 naye anaongezewa 10, yaani pengo la alama 20.

SWALI: Simu yangu imekataa WAQF. Nimekosea wapi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Hujakosea. Collins Scrabble Words, orodha inayotumika katika mashindano mengi ya Kiingereza nje ya Marekani na Kanada, inalikubali. Marekani na Kanada wana orodha yao, ambayo ni fupi zaidi. Fungua mipangilio ya programu uchague kamusi kabla ya kuanza mchezo. Mkicheza ubaoni, kubalianeni orodha kabla ya mtu kuvuta kibao cha kwanza.

SWALI: QWERTY ni neno kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndiyo, ni kibodi ya kawaida, kwa herufi sita za mwanzo za safu yake ya juu. Na wingi wake unaandikwa kwa njia mbili, zote halali: QWERTYS na QWERTIES.