Nilivuka mpaka nikiwa na kikohozi: je, nimemuua jirani yangu?

Swali

Assalaam alaykum, Shehe. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi mtaa wa Birere hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Riziki yangu ni nyanya na karoti, nazirangua Gisenyi, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, na kuziuza huku. Mwaka 2020, korona ilipofunga mpaka, tulikaa nyumbani hadi mtaji wote ukaliwa. Mume wangu hakuwa na kazi. Nikakopa kwa dada yangu, nikaanza kupita njia za panya alfajiri pamoja na wenzangu. Kuna siku nilikuwa na homa na kikohozi, nikaenda hivyohivyo, nikauza hivyohivyo. Jirani yangu, mzee mwenye presha, alikuwa mteja wangu wa kila siku. Siku kumi hivi baadaye pumzi zilimbana, akafariki. Hakupimwa, nami sikupimwa. Tangu hapo kila nikimwona mjane wake nabadilisha njia. Juzi mama mmoja aliniambia kuwa anayeua bila kukusudia anafunga miezi miwili mfululizo. Nimeanza, leo ni siku ya kumi na moja, na kazi yangu ni ya juani. Je, niendelee? Na ugonjwa mwingine ukija wakafunga tena, nifanye nini: nikae watoto wafe njaa, au nitoke?

Jibu

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mama yangu, kesho asubuhi kunywa chai yako kama kawaida. Saumu hiyo haikupasi. Naitanguliza hukumu kabla ya sababu zake, kwa kuwa mtu anayeshinda juani mbele ya beseni la nyanya bila tone la maji hafai kusubirishwa mpaka shehe amalize darasa.

Aliyekutajia miezi miwili hakubuni. Iko katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92: anayemuua muumini kwa kukosea anawajibika kumwacha huru mtumwa na kuwapa fidia jamaa za marehemu, na asiyepata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Tena sisi wa madhehebu ya Shafi ni wakali hapa kuliko Wahanafi. Kwetu kafara inamfika hata aliyesababisha kifo bila kukifanya kwa mkono wake, kama mtu aliyechimba shimo njiani, mwenzake akatumbukia. Labda huyo mama alikiona kikohozi chako kuwa ndilo shimo.

Lakini shimo linaonekana. Watu husimama ukingoni wakasema huyu kafia humu. Wewe hukupimwa na mzee hakupimwa. Miezi ile homa za Goma zilikuwa na milango mingi: malaria, mafua, moshi wa makaa, vumbi la mawe ya volkano. Mzee alikuwa na presha, na alikuwa na wajukuu wanaoingia na kutoka. Kanuni ya fiqhi ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba mtu kwa asili yake hana deni mpaka lithibitike. Mauaji hayathibitiki kwa hofu inayokujia usiku. Hakuna kadhi ambaye angekuhukumu kwa ushahidi huu, basi usijifanyie ukadhi ambao makadhi wenyewe wameukataa. Na kama kweli ni ugonjwa ule uliomchukua, Mtume (s.a.w.) alisema anayekufa kwa tauni ni shahidi, na maulamaa wengi waliwatarajia daraja hilo waliokufa kwa korona. Mtarajie nawe jirani yako.

Hata hivyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna kitu siku ile kilikuwa mikononi mwako. Ulijua una homa. Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwenye ngamia wazima, na mwanadamu ana haki zaidi kuliko ngamia. Ungeweza kumtuma binti yako auze. Ungeweza kujifunga kitenge puani kama huna kashene (barakoa), ukaweka nyanya chini na kurudi nyuma, mzee achague mwenyewe. Kwa kiasi hicho una toba, na toba yake ni ile unayoijua: kujuta, kuacha, na kuazimia kutorudia. Kujuta nakuona umejuta kupita kiasi.

Na huyo mjane, usibadilishe njia tena. Nenda kwake. Usimwambie kwamba ulimuua mumewe, maana hilo hulijui, na utakuwa umemwachia jeraha lisilo na dawa ili wewe upate nafuu. Mpelekee nyanya zako nzuri, kaa naye, mtaje marehemu kwa wema, umwombee dua mbele yake. Haki ya jirani haikuzikwa naye.

Sasa tuje kwenye mizani, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo kubwa.

Miezi ile tuliambiwa: afya kwanza, biashara baadaye. Kwa kitabu ni maneno sahihi. Sheria imekuja kulinda mambo matano, yaani dini, nafsi, akili, kizazi na mali, na nafsi imetangulia mali bila ubishi wowote. Lakini mtu lazima aangalie nini hasa kimewekwa kwenye kila sahani ya mzani. Mwenye depo ya saruji akifunga mwezi mzima, anapoteza mali. Mama anayenunua nyanya za leo kwa faranga za jana akifunga wiki tatu, kilichoko kwenye mzani si mali tena, ni nafsi za watoto wake. Kwa hiyo wewe hukuwa unapima afya na pesa. Ulikuwa unapima uhai na uhai, na kila aliyekwambia umependa pesa kuliko maisha ya watu alikusomea mzani wa mtu mwingine. Mtume (s.a.w.) alisema yamtosha mtu kuwa na dhambi kuwaacha wapotee wale anaowalisha. Kwa hadithi hiyo, hata kukaa kwako nyumbani kulikuwa na hatari ya dhambi. Ndiyo sababu roho yako ilichanika.

Soma tena Sura ya Quraysh, ile fupi tunayowasomesha watoto. Ni sura ya wafanyabiashara wa safari: msafara wa majira ya baridi na msafara wa majira ya joto. Mwenyezi Mungu anawataka wamwabudu Mola wa Nyumba hii, aliyewalisha wasife njaa na akawapa amani wasiwe na hofu. Chakula na amani vimekaa katika aya moja, na neema mbili zilizokaa aya moja hazifai kutenganishwa na waraka wa serikali.

Sayyidna Umar, khalifa wa pili, aliishi aya hiyo. Alipokuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria na jirani zake, alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda, jemadari wake huko Sham, akamuuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu: ndiyo, tunakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha sahaba Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi inayotuongoza mpaka leo: mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikitokea mlipo msitoke kuikimbia. Kisa hiki kilisomwa sana mwaka 2020 kuhalalisha kufunga, na ni haki.

Ambacho hakikusomwa sana ni upande wa pili wa Umar huyohuyo. Karibu na wakati uleule, mwaka wa 18 wa Hijria, Madina ilipigwa na ukame ukaitwa Mwaka wa Majivu. Umar aliapa kutoonja samli wala nyama mpaka watu wapate nafuu, hadi rangi ya ngozi yake ikabadilika. Aliwaandikia magavana wake wa majimbo mengine walete chakula. Na alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi, kwa sababu aliona hawezi kumwadhibu mtu kwa njaa ambayo yeye, Amiri wa Waumini, hajaiondoa. Aliyekataza watu kuingia kwenye tauni ndiye aliyebeba magunia. Fiqhi ikaweka kanuni: amri ya mtawala juu ya raia imefungwa na maslahi yao.

Hatuhitaji kwenda Madina tu kuliona hili. Tarehe 14 Julai 2019 Goma ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola, mchungaji aliyekuja kwa basi kutoka Butembo. Mlipuko ule wa Kivu ya Kaskazini na Ituri uliua watu zaidi ya 2,200, lakini ndani ya mji wetu uliishia kwa wagonjwa wanne. Mwenyezi Mungu aliturehemu, na rehema yake ilikuwa na sababu: kulikuwa na chanjo, na waliokutana na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja, wakafuatiliwa siku 21. Katika mlipuko ule PAM, Shirika la Chakula Duniani, iligawa chakula kwa watu wa namna hiyo ili wasilazimike kwenda kutafuta. Mtu ukimwambia asitoke huku umemletea unga, umemwambia jambo linalowezekana. Hata Petite Barrière, kivuko chetu cha miguu kati ya Goma na Gisenyi, tarehe 1 Agosti mwaka ule, ilifungwa saa chache tu ikafunguliwa. Tukaendelea kupita, ndoo za maji ya klorini pale, termoflashi kwenye paji la uso, na nyanya zikaingia.

Mwaka 2020 ulikuwa na sura nyingine. Ugonjwa ulipita kwa pumzi, chanjo haikuwepo, na sitasema waliofunga mpaka mwezi wa tatu walidhulumu kwa kufunga. Waliona moto wakafunga mlango. Lakini nyuma ya mlango ule hapakuwekwa gunia. Waliambiwa wanawe mikono watu wanaochota maji ziwani kwa bidoni ya lita 20, katika mji uliojengwa juu ya mawe ambako kuchimba kisima ni ndoto. Huko ndiko kasoro iliko, na kasoro hiyo haikuwa yako.

Basi wakifunga tena, ufanye nini? Usidhani nauliza jambo la mbali. Mwaka 2024 mpox iliingia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani hapa pembezoni, ambako hema na hema zilikuwa zimegusana. Ukiwa mzima na chakula kipo, hata kidogo, kaa. Amri ya kulinda watu inatiiwa, na kuivunja kwa tamaa ni dhambi. Chakula kikiisha, anza na wenye wajibu: mumeo, ndugu, majirani, msikiti. Gonga milango bila haya, kwa kuwa unadai haki. Tafuta na njia za halali zilizobaki. Wapo akina mama waliokusanya fedha zao wakaagiza mzigo kwa gari moja badala ya kuvuka watu hamsini, na hiyo ni fiqhi nzuri kuliko ya baadhi yetu. Vyote vikishindikana, umeingia kwenye dharura, na Sura ya Al-Baqara, aya ya 173, imemwondolea dhambi mwenye kulazimika asiyetamani wala kupita kiasi. Dharura hupimwa kwa kadiri yake: uvuke kwa ajili ya sufuria ya watoto, usivuke ili kukuza mtaji.

Ila ukiwa na homa, hapana, hata siku moja. Wanazuoni wanasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Njaa ya watoto wako inaweza kukufungulia uzio, haiwezi kukufungulia kifua cha mzee wa watu. Siku hiyo ukae ndani, na chakula chako kiwe juu yetu.

Juu yetu, nasema, na hapa kalamu inakuwa nzito. Mtume (s.a.w.) alisema si muumini anayeshiba na hali jirani yake ana njaa ubavuni mwake. Mwaka 2020 misikiti ilifungwa mwezi wa tatu. Wenye mali miongoni mwetu waliingoja Ramadhani ndipo watoe zaka, kama desturi, na Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa mwezi wa nne mpaka ulikuwa umefungwa mwezi mzima na mtaji wako umeshaliwa. Tulikuwa na dalili mkononi: Al-Abbas, ami yake Mtume, alimwomba Mtume (s.a.w.) atangulize zaka yake kabla ya wakati, akamruhusu. Tunaisomesha hadithi hiyo kila mwaka. Mimi mwenyewe nimeisomesha. Wakati ule haikunijia kusimama na kumwambia hata mmoja wao: toa sasa, Birere hawana unga.

Nimewaomba wazee wa msikiti tuweke sanduku lisilofunguliwa isipokuwa siku mpaka unapofungwa, na kila mtaa uwe na mtu anayejua ni nyumba zipi zinaishi kwa mauzo ya siku. Nyumba yako nimeiandikisha. Kwa alfajiri zile ulizopita njia za panya bila mmoja wetu kubisha mlangoni kwako, mama, ni sisi tunaokuomba utuhalalie.

Wallahu aalam.