Udongo kwanza, picha ya pakiti baadaye

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Unachaguaje maua na mboga za kupanda kila msimu?" Mimi huanza kwa kupima joto la udongo. Wengi huanza na pakiti yenye picha ya kuvutia, kisha huulazimisha msimu ukubaliane na picha.

Mimea ya msimu mmoja huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa. Haina mwaka wa pili wa kujirekebisha. Basi mimi huigawa mafungu mawili. La ubaridi lina saladi, njegere, figili, karoti na kabichi (hizi mbili kwa asili ni za miaka miwili, ila huvunwa msimu wa kwanza), na kwa maua, kalendula. La joto lina nyanya, matango, bamia, maharage na maboga, pamoja na zinia, marigoldi, kosmosi na alizeti.

Chomeka kipimajoto udongoni asubuhi, kina cha kama sentimita 5, siku kadhaa mfululizo. Saladi huweza kuota hata kwenye nyuzi joto 5, lakini udongo ukikaribia 30 mbegu nyingi hulala tu, na muuza mbegu akalaumiwa bure. Maharage ni kinyume chake: udongo ukiwa chini ya 15, mengi huoza kabla ya kuchipua. Nyanya nayo ina masharti hata ikishakua. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13, au mchana ukipita 32 kwa siku kadhaa, maua hupukutika bila kufunga tunda. Hapo watu hukimbilia mbolea, nayo ikizidi huongeza majani tu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni urefu wa mchana. Dhania ikikutana na joto na mchana mrefu hukimbilia kuchanua, majani yakabaki machache. Vitunguu ndivyo vigumu kuliko vyote: aina za siku fupi huanza kuvimba mwanga ukifika saa 10 hadi 12 kwa siku, aina za siku ndefu hudai 14 au zaidi. Anayelima karibu na ikweta, ambako mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, akinunua aina ya siku ndefu atavuna majani matupu, hata akimwagilia vipi.

Ukishajua fungu lako, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ambayo msimu utageuka, iwe ni kwa jalidi (baridi ya kugandisha), kiangazi au mvua kubwa. Soma pakiti kwa makini hapa. Siku za kufikia mavuno zinazoandikwa kwa nyanya na pilipili hoho kwa kawaida huanzia kupandikiza, wala si kusia. Nyanya ya "siku 75", ukiongeza wiki 6 hadi 8 za kitaluni, inataka karibu miezi minne.

Ukinunua miche, acha ile iliyokwisha kuchanua, hata kama inapendeza. Mara nyingi mizizi yake imeshajizungusha ndani ya kikopo. Chukua mifupi yenye shina nene, uizoeshe jua na upepo kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kuipandikiza. Karoti na figili zisie palepale zitakapokulia, na zinia na kosmosi pia hazina haja ya kitalu. Mbegu za saladi na petunia huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifukie. Zikandamize tu juu ya udongo wenye unyevu. Na saladi usimwage pakiti nzima kwa siku moja, sia kidogo kila baada ya wiki mbili.

Kwenye maua, kata kila linalonyauka, maana mbegu zikianza kukomaa mmea hupunguza kuchanua. Mwishoni mwa msimu acha machache yakauke, uhifadhi mbegu. Isipokuwa kama pakiti iliandikwa F1: hizo ni chotara, na watoto wake hawatafanana na mama.