Nyumba ya kupangisha kwa siku: Kiwira, Forest au Iringa?

Mkuu, umesema una milioni 45 za mafao na umeonyeshwa vitu vitatu: kiwanja chenye mandhari Kiwira, nyumba kuukuu ya vyumba viwili Forest hapa Mbeya mjini, na shemeji yako anakuvutia Iringa upande wa Kihesa. Unataka kupangisha kwa siku, zile nyumba ambazo siku hizi kila mtu anaziita Airbnb hata kama mgeni kapiga simu tu. Nipo kwenye kazi hii tangu 2022. Nimeumia kabla ya kupata, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na nilikoumia. Mwaka 2019 nilinunua pagale Tukuyu kwa milioni 18. Kilichoniponza ni dirisha la sebuleni. Ukisimama pale unauona Mlima Rungwe wote, chini yake migomba na chai. Dalali alinipeleka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wingu halijashuka, na nikakubali bei nikiwa bado nimesimama pale pale. Nikatia milioni 22 nyingine: bati, vigae, vitanda vya mninga, mapazia. Hesabu yangu ilikuwa watu wa Ziwa Ngozi, wa Daraja la Mungu, wa maporomoko ya Kaporogwe, na wale wanaoshuka Matema. Nikafungua Januari 2022.

Mwaka mzima nyumba ililala watu usiku 41. Zaidi ya nusu ilikuwa Pasaka, Agosti na Desemba. Nilikuja kuelewa baadaye: mgeni wa Ngozi analala Mbeya mjini, anapanda asubuhi, jioni karudi. Anayekwenda Matema anataka kuamka na Ziwa Nyasa mlangoni. Tukuyu wanasimama wananunua ndizi, wanaendelea na safari. Mandhari yangu waliyafaidi wakiwa ndani ya gari.

Halafu mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba iliyofungwa wiki tatu kwenye unyevu ule inaharibika bila mtu kuigusa. Aprili ile nilifungua kabati nikakuta shuka zina madoa ya kijani. Nikainua godoro, upande wa chini umeota ukungu mweusi kuanzia kichwani hadi katikati. Mgeni wangu wa siku hiyo alikuwa mama mmoja na watoto wawili. Alisimama mlangoni, akanusa, akasema kwa upole, "Baba, hapa wanangu watakohoa." Nilimrudishia hela yake na nauli juu. Leo nyumba ile anakaa mwalimu na familia yake kwa laki moja na ishirini kwa mwezi. Jiko linawaka kila siku, madirisha yanafunguliwa, na ukungu haujarudi.

Baada ya hapo nikaamua sinunui tena kitu kabla ya kujua nani analala wapi siku ambayo haina jambo. Mwaka 2023 nilichukua wiki ya katikati ya Machi, siku ya Jumanne, nikazunguka Mbeya kuanzia saa mbili usiku: Mwanjelwa, Soweto, Forest, Mafiati, hadi Uyole. Kila gesti na kila hoteli ndogo niliuliza swali moja mapokezi: mna vyumba vitatu vya pamoja kwa siku nne? Wengine walikuwa na vyumba, wengine wamejaa. Lakini karibu kila mahali waliponijibu waliongeza, "Ila kupika hapana."

Hapo ndipo biashara yangu ilipo. Mtu anayelala usiku mmoja humpati, gesti ya elfu ishirini inamtosha na anaamka anapanda basi. Anayekuja kwako ni yule anayehitaji jiko, anayekuja na watu watatu au wanne, na anayekaa siku kadhaa. Mbeya anatoka wapi huyo? Anatoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kule Meta, kwenye hospitali ya kujifungulia. Wagonjwa wanaletwa kutoka Rukwa, Songwe na Njombe, na ndugu zao lazima walale mahali. Mgeni wangu wa kwanza kwenye nyumba niliyoipanga Forest alikuwa binti kutoka Sumbawanga, kaja na mama yake mdogo kumuuguza baba. Saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni anakoroga uji wa ulezi, anauweka kwenye chupa ya chai, anafunga kwa kitenge, bajaji inamsubiri nje. Alikaa siku kumi na moja. Hakuniuliza habari za intaneti hata mara moja. Aliuliza kama maji ya moto yapo usiku na kama gesi imejaa.

Wengine ni watu wa miradi na wakaguzi wanaokaa wiki mbili, mafundi wa mitambo, wazazi wanaokuja mahafali ya MUST na vyuo vingine, na familia zinazokuja kwenye msiba au harusi. Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale inajaza mji mzima tarehe 1 hadi 8 Agosti, lakini hiyo usiiweke kwenye hesabu. Wiki moja kila mtu anapata.

Hesabu yangu ya Forest iko hivi. Sikununua, nilipanga. Mama mmoja mjane ana nyumba ya vyumba viwili, laki tatu kwa mwezi, nililipa miezi sita, na tuliandika kwenye mkataba kwamba ananiruhusu kulaza wageni. Hilo liandikwe, usikubali la mdomo. Samani na vyombo vilinila milioni tano na nusu. Bei ni elfu 55 kwa usiku. Mwezi wa kawaida unaingiza usiku 17, yaani 935,000. Toa kodi ya nyumba 300,000, dada wa usafi 120,000, luku kama 90,000, intaneti 70,000, maji, gesi na sabuni 70,000. Inabaki kama 285,000 kabla ya TRA na leseni ya halmashauri. Ukiona mtu anakuambia milioni mbili kwa mwezi kwa nyumba moja hapa kwetu, muulize ni mwezi gani.

Luku usiidharau. Ukivuka yuniti 75 kwa mwezi unatoka kwenye bei ya shilingi 100 kwa yuniti, na Mbeya ya Juni na Julai mtu haogi bila hita. Mablanketi mazito mawili kwa kila kitanda yananiletea sifa kuliko runinga. Na weka simtanki, lita 2,000 isipungue, kwa sababu mgonjwa au mtoto akikosa maji siku moja, mgeni huyo na ukoo wake hawarudi.

Jambo jingine limebadilika tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023. Mgeni wa Dar anafika alfajiri amechoka. Mimi nikiwa sina mtu usiku ule namfungulia mapema bila kumwongezea hela, na nusu ya wanaorudi wananikumbusha hilo.

Iringa nilikaa siku tisa kuipima. Ni mji mzuri na shemeji yako hakudanganyi kwamba kuna vyuo na kuna watalii. Ila mtalii wa Ruaha ana kilomita kama 130 kufika hifadhini, analala Iringa usiku mmoja, halafu anahamia kambini. Msafiri wa Zambia naye ni usiku mmoja. Wote hao ni wa gesti. Niliowaona wakikaa muda mrefu ni watafiti na watu wa mashirika, na wao waliniambia wanatafuta Gangilonga na Wilolesi. Kihesa ina wanafunzi wengi, kwa hiyo mimi ningepangisha kwa mwezi, chumba kwa chumba, na ningelala usingizi. Tena wewe unakaa Mbeya. Nyumba ya kulala wageni iliyo kilomita zaidi ya 300 kutoka kwako ni mali ya msimamizi.

Kuhusu hiyo nyumba ya Forest: kabla ya kutoa hata mia, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati, kisha nenda na bajaji kutoka hospitali saa nne usiku siku ya mvua uone kama dereva anakubali kuingia mtaa huo na anakutoza ngapi. Rafiki yangu ana nyumba nzuri sana mlimani juu ya Uyole, na masika bajaji zinawashushia wageni chini, wanapanda na mabegi kwenye matope. Wala usiinunue kwanza. Mwombe mwenye nyumba akupangishie mwaka mmoja wenye haki ya kununua, uweke samani za milioni tano au sita, uone Machi yake, mwezi usio na jambo. Zitakazobaki ziache benki zikusubiri.

Na kiwanja cha Kiwira, kama kiko kando ya barabara kuu ya Tukuyu, chukua futi kamba upime mita 30 kutoka katikati ya lami. Hiyo ni hifadhi ya barabara. Wenzetu wa huku mjini wameiona kazi ya barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, na wengine waliamka wakakuta X nyekundu ukutani. Kikivuka hapo salama na bado moyo wako unakitaka, nunua upande parachichi.