Maswali ya Wasomaji: Chipu Inayolisha LNB Umeme

SWALI: Risiva yangu ya setilaiti inaonyesha nusu tu ya chaneli. Zile za polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi) ya wima hazina tatizo, lakini za mlalo zote zinaandika kuwa hakuna mawimbi. Fundi ameifungua na kuniambia kwamba chipu inayopeleka umeme kwenye LNB, kile kifaa cha dishi kinachopokea mawimbi, imeungua, na kwamba ataweka rigyuleta (kidhibiti volti) ya kawaida ya volti 18, yaani 7818, mahali pake. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali. Tena, kabla ya kuing'oa chipu hiyo, mwombe fundi wako athibitishe kwamba imeungua kweli, kwa sababu katika ufundi wa madishi chipu hii husingiziwa makosa mengi ambayo si yake.

LNB iliyo mbele ya dishi haina chanzo chake cha umeme. Inalishwa na risiva kupitia waya uleule wa koaksia unaoleta mawimbi ya chaneli, na kiasi cha volti ndicho kinachoipa amri: ikipata takribani volti 13 hupokea polaraizesheni ya wima, ikipata takribani 18 hugeukia ya mlalo. Juu ya umeme huo chipu huweka mlio wa kilohezi 22, yaani mtetemo wa umeme usiosikika, mdogo sana, wa takribani volti 0.65 kutoka kilele cha juu hadi cha chini. Katika LNB za kawaida za bendi ya Ku, mlio huo huihamisha LNB kutoka masafa ya gigahezi 10.7 hadi 11.7 na kuipeleka kwenye yale ya juu yanayoishia 12.75, na ukikatwakatwa kwa mpangilio maalumu, ndio unaobeba amri za DiSEqC, lugha ya risiva kwa vifaa vya dishi, za kuchagua dishi moja kati ya mengi.

Sasa fikiria 7818 ikiwa mahali pa chipu yenye kazi zote hizo. Itatoa volti 18 wakati wote, kwa hiyo utapata chaneli za mlalo na kupoteza za wima unazoziona leo. Mlio wa kilohezi 22 hautakuwapo. Isitoshe, 7818 huhitaji kulishwa umeme wa takribani volti 20 au zaidi ili itoe 18, ilhali risiva nyingi za kisasa huingiza volti 12 tu. Chipu yenyewe hulitatua tatizo hilo kwa saketi ya kupandisha volti, yenye koili na daiodi kando yake, kisha rigyuleta ya ndani husafisha umeme uliopandishwa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba volti zilizopandishwa hufuata zile zinazotakiwa, zikizidi kwa takribani volti 1 tu. Rigyuleta inayopokea volti 23 na kutoa 13 kwa mkondo wa ampea 0.3 hupoteza wati 3 kama joto. Tofauti ikiwa volti 1, joto hilo hushuka hadi wati 0.3.

Dalili uliyoieleza ina maelezo zaidi ya moja. Koili au daiodi ya saketi ya kupandisha volti inaweza kuwa mbovu kiasi kwamba umeme wa volti 12 unapita bila kupandishwa. LNB nyingi bado huamka kwa volti 11 na kitu, zikadhani zimeamriwa kupokea wima, na mwenye risiva akaona nusu ya chaneli kama wewe. Lakini waya nao huweza kuleta dalili hiyohiyo. Waya wenye ukinzani wa omu 10, kwenda na kurudi, ukibeba miliampea 200, hula volti 2. Ongeza konekta iliyoingia maji na kushika kutu, na zile 18 zinaweza kufika juu zikiwa chini ya 15, ambapo LNB huacha kuzitambua kuwa amri ya mlalo.

Kwa hiyo pima, ukiwa umechagua chaneli ya mlalo. Chukua multimita, pima volti kwenye konekta ya F ya risiva (ile inayofungwa waya wa dishi), LNB ikiwa imeunganishwa, kisha pima tena upande wa dishi. Kama risiva inatoa 18 na juu zinafika 14, badilisha waya na konekta, uiache chipu. Kama risiva yenyewe haivuki 12, hapo ndipo pa kufungua kifuniko, na hata hapo anza na daiodi na koili. Ukiona volti zinaruka na kuzima kila baada ya muda mfupi, hiyo ni chipu inajilinda dhidi ya shoti: zile za familia ya LNBH za kampuni ya STMicroelectronics hujaribu kutoa umeme kwa takribani milisekunde 90, kisha hupumzika 900, mpaka shoti iondolewe. Multimita ya kawaida haitakuonyesha vizuri mlio wa kilohezi 22, kwa hiyo ujaribu kwa kuchagua chaneli ya masafa ya juu.

Chipu ikithibitika kufa, itafutwe ya namba ileile. Programu ya risiva huzungumza nayo kwa anwani na rejista (nafasi za ndani za kuandikia amri) maalumu, na chipu ya familia nyingine haitaitika hata kama miguu yake inafanana.

SWALI: Nimegawa waya wa LNB moja kwa risiva mbili. Kwa nini chaneli za chumba kimoja hupotea wakati chumba kingine kinapobadilisha stesheni?

JIBU: Kigawanyi chako kinapitisha umeme pande zote mbili, na daiodi zilizomo, ambazo hupitisha umeme upande mmoja tu, huiruhusu risiva yenye volti nyingi kushinda. Risiva moja ikitoa 18, ile inayotaka 13 haina la kufanya, na LNB hugeukia mlalo kwa wote wawili. Hakuna chipu ya kubadilisha hapo. Nunua LNB yenye matundu mawili ya kutolea mawimbi, uvute waya wa pili hadi kwenye risiva ya pili, na uzime risiva zote mbili kabla ya kukaza konekta, kwa sababu uzi wa kati ukigusa ganda umeme ukiwa umewashwa, shoti unaitengeneza wewe mwenyewe.