Mchumba wangu amemsonya baba kwa sababu ya siasa

Binti wa Igoma ananiandikia: baba yake ni balozi wa nyumba kumi, kijani wa CCM tangu ujana. Mchumba wake, muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, ni mtu wa gwanda, yaani CHADEMA. Jioni moja wakiangalia taarifa ya habari kwa mzee, kijana akasonya na kusema, "Nyie mnanunuliwa kwa khanga na kofia." Binti akajibu kwenye grupu la ukoo kwamba wapinzani hawana malezi. Tangu hapo hawasemeshani, na siku ya mahari inakaribia. Anauliza kama watu wa vyama viwili wanaweza kuoana.

Mwanangu, wanaoana kila siku. Mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela, Mwanza, yalikwenda CHADEMA, 2015 yakarudi CCM, na sijasikia ndoa iliyohesabiwa upya.

Kuvutia upande wako ni jambo jepesi mno kwa binadamu. Mwanasaikolojia Henri Tajfel, katika utafiti aliouchapisha 1970, aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol kwa kisingizio cha nani alikadiria nukta nyingi na nani chache. Walipopewa kazi ya kugawa fedha wakawapendelea wa kundi lao, ingawa hawakujua hata ni kina nani. Kama nukta zinatosha, sembuse kadi ya chama ambayo mzee ameitunza miaka yote hiyo?

Kinachonitia wasiwasi mimi ni msonyo. John Gottman, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kuwachunguza wanandoa wakibishana, anaitaja dharau kuwa dalili mbaya kuliko zote za ndoa inayoelekea kuvunjika. Mbishane kura mpaka usiku wa manane, sawa. Kumsonya mkwe uliyeketi sebuleni kwake, hapana. Na wewe, uliposema "hawana malezi" ulimtukana mama wa watu ambaye hata hakuwepo.

Basi anza wewe. Omba radhi kwenye grupu lile lile, siyo kwa simu ya pembeni. Kisha mkutane mahali pasipo na televisheni wala washikaji zake wa Mwaloni, umwambie: "Chama chako sikukatazi. Ila ulivyomsonya baba, uliniumiza." Habari ya khanga usiiguse, mtakesha.

Akienda kwa mzee akaomba samahani, endeleeni na mipango. Akidai alikuwa anatania tu na mzee ana hasira za bure, mwambie mshenga asogeze siku. Ng'ombe bado wako kwao.