Kutia rangi vifungo na bangili za plastiki nyumbani

Kwenye sare za harusi kitambaa si tatizo. Tatizo ni vile vidogo vidogo: vifungo, bangili, vibanio vya nywele. Bibi harusi akishachagua zambarau yake, unaweza kuzunguka Kariakoo nzima ukapata nyekundu, dhahabu na nyeupe, lakini zambarau ile usiipate. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka sasa nanunua vya plastiki isiyo na rangi, ile inayoonyesha, navitia rangi mwenyewe. Wateja huniuliza natumia rangi gani. Ningependa waanze na swali jingine: plastiki yenyewe ni ya aina gani?

Hapo ndipo penye kazi yote. Rangi inayodumu huingia ndani ya plastiki, haikai juu. Joto huilegeza plastiki, chembe za rangi zikapenya, na ikipoa zinabanwa humo humo. Ndiyo maana haibanduki, tofauti na ile ya kupaka kwa brashi. Sasa, ziko plastiki zisizopokea rangi hata uzichemshe kutwa: poliethilini ya mifuko na madumu, na polipropilini ya ndoo na vyombo vya chakula. Hizi mbili ni nyepesi kuliko maji. Tumbukiza kitu chako kwenye bakuli la maji, kibonyeze hewa itoke, kisha kiachie. Kikielea, usipoteze rangi yako. Vifungo vya polista, vya nailoni, bangili za akriliki na viatu vya PVC vyote huzama. Silikoni nayo huzama na bado haishiki rangi, kwa hiyo nunua kifungo au bangili moja ya ziada ya kujaribia. Hilo siliruki hata mteja akiwa na haraka.

Rangi za batiki hazifai hapa, zimetengenezwa kwa pamba. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya polista au ya nguo za sintetiki; Rit DyeMore ni mojawapo, na kuna wauzaji wa rangi za nguo wanaouza ya unga kwa kupima. Nailoni peke yake ina njia rahisi zaidi: hupokea rangi za sufi na hariri ukiongeza siki kwenye maji ya moto.

Osha vitu vyako kwa sabuni kwanza, maana alama ya kidole yenye mafuta huacha baka. Koroga rangi kwenye maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, ongeza tone la sabuni ya maji ili isambae sawasawa. Vifungo na bangili vitunge kwenye uzi, uzi uufunge kwenye kijiti kilicholala juu ya mdomo wa sufuria, visiguse chini kwenye moto mkali.

Moto ndio unaohitaji macho yako. Maji yasichemke. Kwa akriliki na vifungo vya polista nataka nyuzi joto 80 hadi 90 hivi, vipovu vidogo vikianza kupanda kutoka chini. Akriliki hulainika karibu na nyuzi 100, na bangili iliyopinda hairudi tena kuwa duara. Viatu laini vya PVC vinahitaji joto la chini zaidi, karibu nyuzi 60, na subira ndefu. Jiko la gesi linakutii. La mkaa punguza makaa kabla hujaanza.

Toa kimoja kila baada ya dakika chache, kisuuze, kiweke juu ya karatasi nyeupe. Ndani ya sufuria kila kitu huonekana kimekolea, karatasi ndiyo inayosema kweli. Toa mapema kidogo, kwani kuongeza unaweza, kupunguza huwezi. Plastiki iliyozeeka ikawa na unjano ukiitia buluu itaelekea kijani. Ipe chungwa au kahawia. Ukimaliza, ipoze kwenye maji ya uvuguvugu. Maji baridi ya ghafla yanaweza kuleta nyufa.

Baada ya hapo osha kwa sabuni na usugue kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke safi. Baadhi ya rangi hizi huleta mzio wa ngozi, na bangili inakaa kwenye jasho siku nzima ya harusi. Kiatu kinachoendelea kuchuja rangi usimpe mtoto. Sufuria uliyotumia isirudi kupikia chakula tena, na madirisha yawe wazi muda wote.

Kuna kazi moja ninayoikataa: miwani. Lenzi iliyotiwa giza bila kinga ya miale ya jua huifanya mboni ipanuke na kupokea zaidi ile miale inayoumiza jicho. Hiyo mpelekee fundi wa miwani.