Je, imani iliyokoma ilikuwa imani?

Swali: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili hapa Mikindani, Mombasa. Kaka yangu mkubwa aliokoka mwaka 2012 akaongoza sifa kanisani miaka saba. Mwanawe aliugua, tukaombewa, tukaambiwa atapona, akafariki. Tangu hapo kaka hakanyagi ibadani na anasema haamini tena. Wazee wengine wanasema hakuwahi kuokoka, wengine wanasema aliupoteza wokovu. Lakini Luka 8:13 yasema watu kama hao “huamini kitambo kidogo”. Je, neno la Kigiriki hapo ni lile lile la Yohana 3:16? Na kama ni lile lile, nitajuaje kwamba imani yangu mimi si ya kitambo?

Jibu: Bwana asifiwe, dada yangu. Pole sana kwa msiba. Najua miaka imepita, lakini kwa baba wa mtoto pengine haijapita, na nitamrudia kabla sijamaliza.

Neno ni lile lile. Kitenzi cha Kigiriki ni pisteuo, katika Luka 8:13 na katika Yohana 3:16. Luka hakutafuta neno hafifu kwa ajili ya wale wa kitambo. Yohana naye anafanya jambo la kushtua zaidi katika 2:23-24: wengi Yerusalemu waliliamini jina la Yesu walipoziona ishara zake, lakini Yesu “hakujiaminisha kwao”. Hapo pia ni kitenzi kimoja, mara mbili. Wao walimwamini, yeye hakuwaamini. Nashukuru kwamba Biblia yetu ya Union ilihifadhi mlio huo, maana tafsiri nyingi huupoteza. Kwa hiyo anayetaka kuitenga imani ya kweli na ya kitambo kwa kufungua kamusi peke yake, hatafika.

Ila lugha inatupa msaada kwa njia nyingine. Nomino pistis ni imani, na pia ni uaminifu. Sisi Waswahili tunalisikia hilo bila kufundishwa: imani, mwaminifu, amana na amina ni maneno ya mzizi mmoja, na Kiebrania kinao mzizi huo huo. Neno la Kiebrania ni emuna, lile la Habakuki 2:4, “mwenye haki ataishi kwa imani yake”. Sasa fungua Kutoka 17:12. Musa amechoka kuinua mikono vitani, Haruni na Huri wameishika, mmoja huku na mmoja huku, na mikono ikathibitika mpaka jua likachwa. Kuthibitika huko kwa mikono, Kiebrania kinakuita emuna. Hakuna hisia zinazotajwa pale. Kuna mikono iliyobaki juu hadi jioni, nayo haikubaki kwa nguvu za mwenyewe. Mimi kila ninaposikia imani ikipimwa kwa machozi na kelele za usiku wa mkesha, nautamani mstari huo usomwe kwanza.

Tuje kwenye mwamba, pale zilipoangukia mbegu za hao wa kitambo katika mfano wa mpanzi. Luka anaandika petra, yaani jiwe lenyewe lililo chini, si vijiwe vilivyotapakaa juu ya shamba. Mtu wa Mombasa hahitaji kuchorewa. Nenda kwenye kiwanja chochote cha Nyali au Kisauni ambacho hakijamwagwa kifusi, uchimbe: udongo wa kiganja, kisha tumbawe. Mvua ya masika ikinyesha, mahindi yaliyoangukia hapo huchipua mapema kuliko ya shamba la udongo mwingi, kwa sababu udongo haba hupata joto upesi. Jirani akipita wiki ya pili atayasifu hayo. Kisha jua likikaza siku kadhaa bila mvua, mzizi hauna pa kwenda.

Angalia vizuri, dada. Yesu hakusema furaha yao ilikuwa ya uongo wala kwamba mche ule ulikuwa wa karatasi. Ulikuwa mche hai. Alichosema ni kwamba hawana mizizi. Ndiyo maana nawaona wazee wa pande zote mbili wameenda mbio. Anayesema kaka yako hakuamini lolote amekwenda kinyume na maneno ya Bwana, na anayesema alikuwa na kila kitu akakipoteza anadai ameuona mzizi. Nao mzizi uko chini ya ardhi.

Makanisa yamebishana juu ya hili karne nyingi, na sitakuficha. Mtaguso wa Trento wa Wakatoliki, mwaka 1547, ulifundisha kwamba neema inaweza kupotea kwa dhambi ya mauti. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kikalvini kule Uholanzi, 1618 hadi 1619, ilishika kwamba Mungu huwalinda wateule wake hadi mwisho, hata wakianguka vibaya. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alifundisha kwamba aliyeamini kweli anaweza kuanguka asirudi. Wote wanaisoma Waebrania 6, inayoonya juu ya walioanguka, na wote wanatetemeka. Mimi naelemea upande wa kulindwa, na sababu yangu ni ya sarufi. Waebrania 3:14 inasema “tumekuwa washirika wa Kristo, kama tukishikamana” na uthabiti wetu mpaka mwisho. Kigiriki kinatumia wakati uliotimilika, ambao “-me-” yetu unaubeba vizuri. Haisemi tutakuwa washirika tukishikamana. Inasema tumekwisha kuwa, na kushikamana ndiko kunakoonyesha. Ndivyo ilivyo 1 Yohana 2:19: wangalikuwa wa kwetu, wangalikaa pamoja nasi. Lakini Yohana aliandika hayo kuhusu watu waliotoka wakipinga kwamba Yesu ni Kristo, na wakawapoteza wengine. Hakuwa anamwandikia baba anayelia mtoto.

Kuhusu wewe mwenyewe. Waalimu wa zamani waligawa imani katika mambo matatu: kuijua habari, kuikubali kuwa kweli, na kumtegemea Kristo mwenyewe. Mashetani wanayo mawili ya kwanza, ndiyo Yakobo 2:19, nao hutetemeka. La tatu ndilo la kujichunguza, na usilichunguze kwa kupima joto la moyo wako siku ya ibada nzuri. Jiulize: nilichokuwa nikitarajia kutoka kwake kikiondolewa, je, bado nitakuwa na neno la kumwambia? Hata kama neno lenyewe ni la manung’uniko. Zaburi 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, lakini yote imesemwa kwake. Yule baba wa Marko 9:24 alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mwanawe akaponywa. Tarehe ya kuokoka ni ya kushukuriwa, lakini haikuandikwa popote kwamba ndiyo cheti. Uliza kama leo umerudi kwake, baada ya jana kumwacha. Imani inayodumu ina historia ndefu ya kurudi.

Hapa Mombasa tuna kisa ambacho hutufundisha tusiharakishe kuhukumu udongo wa mtu. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto baba yake, sultani, alipouawa kwa mipango ya Wareno. Wareno hao hao wakampeleka Goa, kule India, watawa wa Augustino wakamlea, akabatizwa jina Jerónimo, akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 akaukana Ukristo na kuiteka Fort Jesus, ngome ya Wareno, na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, wakauawa kwa kukataa kuikana imani yao. Siwatoneshi kidonda jirani zetu Waislamu. Nauliza tu, ubatizo uliomwagwa juu ya damu ya baba ulikuwa na udongo wa kina gani? Na wale Waafrika waliokufa wakimkiri Kristo mwezi ule, wengi wao hatuna hata majina yao. Hao ndio waliokuwa na mzizi, na sidhani kuna aliyewatazama sana kabla ya hapo.

Ndipo nafika kwa kaka yako. Umeandika, kwa upole mwingi, kwamba “tukaambiwa atapona”. Aliyewaambia hivyo alipanda kwenye tumbawe, na itakuwa dhuluma mvunaji amlaumu mche. Mungu anaweza kuponya. Nimeombea wagonjwa maisha yangu yote na sitaacha. Lakini Mungu hakumpa mtu yeyote ahadi ya mtoto yule, na aliyeitoa alimfundisha kaka yako kuegemea kitu ambacho Kristo hakukisema. Kilipovunjika, alidhani Kristo amevunjika. Huenda alichokiacha ni ile ahadi, wala bado hajajua kuitenganisha na Bwana. Mimi siwezi kukuambia, wala mzee yeyote hawezi.

Soma naye Luka 22:31-32, siku akikubali. Yesu anasema Shetani amewataka “ninyi”, wote, apate kuwapepeta kama ngano, kisha anamwambia Petro “nimekuombea wewe ili imani yako isitindike”. Hakumwombea Petro asianguke, maana alianguka usiku ule ule mara tatu. Alimwombea imani isimwishie kabisa, kama divai ilivyowatindikia kule Kana. Na anaendelea: “nawe utakapoongoka”, kana kwamba kurudi kwake kumekwisha kupangwa. Imani ya Petro ilidumu kwa sababu kulikuwa na mwingine aliyekuwa akiomba.

Wazee wakitaka kulisoma jina lake kanisani kama aliyetengwa, waombe wasubiri, na uwaambie mimi nimeomba pia. Usimtake arudi kuongoza sifa. Siku ya kumbukumbu ya mtoto nenda naye makaburini, ukae, usihubiri. Akitukana, msikilize; mtu hamtukani asiyedhani yupo.

Na darasa lako. Chukua makopo mawili ya maziwa yaliyokwisha. Moja litie jiwe la tumbawe na udongo kidogo juu yake, la pili lijaze udongo mtupu. Panda kunde katika yote mawili, uyaweke dirishani, umwagilie Jumapili kwa Jumapili tu. Waulize watoto lipi litashinda, waandike majibu yao, usiwaambie kitu. Mfano wa mpanzi usome nao wiki ya tatu.